Madawati ya Kuazima

Mwalimu Kemilembe,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, kama mtu anayesubiri marahaba. Kisha nikajicheka peke yangu humu ofisini, maana hata ungekuwa hai usingeitikia upesi. Ungenitazama kwanza kola ya shati. Imenyooka, Mwalimu. Ndicho kitu pekee kilichonyooka kwangu wiki hii.

Ni mimi Shija, yule kijana uliyempokea hapa shuleni Buswelu ametoka chuoni juzi, hajui hata kunyamazisha darasa, ukamlea mpaka ukamwachia kiti chako cha ualimu mkuu. Tangu siku ile tulipokusindikiza bandarini, jeneza lako likapandishwa melini kurudi kwenu Bukoba, sijakuandikia hata mstari. Leo naandika kwa sababu nimekukosea, na sina wa kumtuma aniombee radhi.

Nikupe habari kwanza.

Shule ipo. Paa la darasa la tano limechukuliwa majuzi tu na upepo wa ziwani, kwa hiyo la tano na la sita wanasoma chumba kimoja wakipeana migongo, mwalimu huyu akipaza sauti na yule anapaza zaidi. Mjini mambo yamefunguliwa, kila kitu ruksa. Viwanda vya samaki vimeota ufukweni. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunauziwa mapanki, kichwa na mifupa. Mama Nyanzala, mwenyekiti wetu wa kamati ya shule, ndiye anayeyakaanga pale njia panda, na biashara yake haijambo. Pamba ya shamba la shule hainunuliwi tena na ushirika. Wanakuja watu binafsi na mizani yao, ukibisha bei wanapakia mizani wanaondoka. Halafu kuna shule ya Kiingereza imefunguliwa kando ya barabara, ina basi lake, na walimu wetu wawili wamehamia huko. Siwalaumu. Mimi nisingekwenda. Au tuseme sikuitwa.

Serikali nayo inasema wazazi wachangie. Wachangie kiasi gani, na yenyewe itoe kiasi gani, hapo ndipo mambo yangu yalipoharibikia.

Tuliletewa taarifa kwamba kuna wataalamu wanakuja kutoka Dar es Salaam, wakiongozana na watu wa mkoa. Hawakuwa wakaguzi. Walikuwa wanatafuta jibu la swali moja: shule ya msingi ya umma inahitaji fedha kiasi gani ili mtoto afundishwe vizuri, siyo bora liende. Wangetembelea shule chache, waone kwa macho yao kinachopungua, kisha wakadirie serikali itoe nini. Unaelewa, Mwalimu? Walikuja kutafuta upungufu. Na mimi niliposikia neno wageni, sikufikiri hata kidogo. Nilikwenda kuazima madawati.

Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza? Wakaguzi walikuwa njiani, ukanituma Kisesa na mkokoteni wa ng'ombe nikayalete madawati ya shule ya Mwalimu Doto. Nikakuuliza kwa nini tusiwaambie tu kwamba hatuna. Ukanitazama kwa huruma. "Waitu, Shija, ninyi Wasukuma mmekuzwa na michembe, viazi vyenu vya kukausha, aibu hamuijui. Mgeni haonyeshwi jiko." Nilicheka, maana utani wako wa Kihaya nilishauzoea. Lakini baadaye ulinieleza habari yenyewe, na hukuwa unatania. Ulipokuwa mwalimu mkuu kijana, mkaguzi alikufokea mbele ya wanafunzi kwa sababu ya darasa lenye vumbi, kisha ukahamishiwa kisiwani. Hukupewa nafasi ya kusema kwamba saruji uliiomba na haikuletwa. Hapo ukajua kwamba upungufu wa shule huandikwa kuwa uzembe wa mwalimu, na ukaapa kwamba hakuna mgeni atakayeuona tena.

Sote tukakufuata. Wageni wakienda Kisesa, madawati yetu yalikwenda Kisesa. Wakija Buswelu, ya Kisesa yalikuja huku. Tulikuwa tukisema yale madawati yamezunguka kuliko walimu wa ajira mpya, na tulicheka sana, Mungu atusamehe.

Safari hii Mwalimu Doto alinipa yake yote bila hata kuuliza ni ya siku ngapi. Watoto wake wakabaki sakafuni. Yaliletwa na lori la kiwanda cha samaki, dereva ni mzazi wetu, ndiyo maana yalinuka sangara mpaka tukayasugua kwa majivu na ndimu. Vitabu nilivikusanya shule jirani. Na yale mawe ambayo watoto huyakalia darasani, unayajua, tuliyatoa nje tukayapaka chokaa na kuyapanga kuzunguka bustani ya maua. Yalipendeza. Mmoja wa wageni aliyasifu.

Watoto wenye sare zilizochanika waliambiwa wabaki nyumbani siku hiyo.

Katika wale wataalamu alikuwamo mama mmoja mwenye miwani, mpole, aliyekuwa akisikiliza kuliko kusema. Alinivuta pembeni akaniuliza, "Mwalimu, niambie bila kuogopa, mnapungukiwa na nini?" Mwalimu, mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa ni kusema tu. Nikamjibu, "Tunamshukuru Mungu, Mama. Tunajitahidi hivyo hivyo." Akauliza mara ya pili. Nikasema matatizo madogo madogo hayakosekani. Kisha Mama Nyanzala akaleta kuku na soda, akasimama akasema serikali imetufanyia mengi, tukapiga makofi.

Walipoondoka niliona nimeshinda. Hilo nalo nakwambia.

Kesho yake lori lilikuwa limekwisha kuyarudisha madawati. Watoto waliingia darasani wakakuta sakafu. Walitoka nje, kila mmoja akalitafuta jiwe lake bustanini, akalibeba, akaingia nalo. Chokaa ilikuwa haijakauka vizuri. Wiki nzima walitembea na makalio meupe, na mimi nikawa napita nikitazama pembeni.

Baadaye tukaitwa mjini, kwenye ukumbi mmoja pale Mirongo, walimu wakuu wa kuanzia huku kwetu mpaka Kisesa. Wageni walikuwa wamemaliza makadirio ya kwanza. Wakasema wametafuta shule inayofanya vizuri kwa fedha kidogo, ili iwe kipimo cha nyingine, na wameipata Buswelu. Wakaeleza kwamba kama Buswelu, kwa kile kidogo inachopata, ina madawati, vitabu na hata bustani, basi kiasi hicho kinatosha. Shule nyingine hazihitaji kuongezewa, zinahitaji kujifunza. Wakaniomba nisimame niwaeleze wenzangu tunafanyaje.

Nilisimama. Mwalimu Doto alikuwa amekaa mstari wa mbele, kofia mapajani. Mzee wa watu, alikuwa anapimwa kwa madawati yake mwenyewe na kuonekana amepungua. Hakunikasirikia. Alinitazama tu, akaona niko taabani, akainamisha uso ili nisione haya. Hapo ndipo nilipovunjika.

Nikasema, "Samahani. Yale madawati si yetu."

Yule mama akavua miwani. "Kwa nini mlifanya hivyo, Mwalimu?"

Majibu yalikuwa mengi. Ningesema tuliogopa. Ningesema mimi ni mjinga, na hilo lisingekuwa uongo. Nikasema, "Ndivyo tulivyokuta. Ndivyo alivyotufundisha marehemu Mwalimu Kemilembe."

Nililitaja jina lako, mama yangu. Nililitoa mbele yangu nijikinge nalo, nikijua huwezi kusimama ukasema lako. Watu waliguna. Walikuwapo mle ndani wengi uliowafundisha, na wengine uliowatafutia posho walipokuwa hawajalipwa mshahara kwa miezi. Mtu mmoja kule mbele akasema polepole, "Kumbe hata yule." Maneno matatu. Miaka yako yote ya kazi, na mimi nimekuwekea hayo.

Wakati wa chai Mwalimu Doto alinifuata. Hakupandisha sauti. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema, "hilo tulilijua sote na tukaazimana. Hapo hatuna ugomvi. Lakini marehemu hana mdomo, Shija. Wewe unao." Akachukua baiskeli yake akaondoka. Siku zote huwa tunakwenda pamoja mpaka barabara kuu. Siku hiyo hakunisubiri, na nilistahili.

Yule mama hakunifokea. Nadhani ningefurahi angenifokea. Aliniambia wameahirisha makadirio, watakuja tena, kwetu na Kisesa, waanze upya. "Safari hii usinishukuru, Mwalimu. Niambie nini kingewatosha."

Watakuja kesho.

Nimekaa na swali hilo siku zote hizi nikaona nina aibu nyingine chini ya ile ya kwanza. Silijui jibu. Nikiulizwa kinachopungua, sasa naweza kutaja mpaka nichoke. Lakini kinachotosha? Darasa lenye watoto wangapi ndilo darasa? Kitabu kimoja watoto watatu, au kila mtoto na chake? Mwalimu alipwe nini asiuze maandazi wakati wa vipindi? Nimezoea kupungukiwa mpaka sijui kutosha kukoje, Mwalimu. Tulikuwa hodari wa kuziba na kufunika, wewe na mimi, na hatujawahi kukaa chini hata siku moja tukaulizana shule iliyokamilika ikoje. Tulidhani ni lile darasa la siku ya wageni.

Leo nikaona niwaulize watoto wenyewe. Nikaingia darasa la tatu, nikawaeleza kwamba wageni wanarudi kesho, wanataka kujua tunahitaji nini. Kisha msichana mmoja, Kabula, akasimama akikunja gauni lake kwa mkono pale lilipochanika. "Mwalimu, na sisi wa kubaki nyumbani, kesho tuje?"

Nilitoka nje, Mwalimu. Nilijisingizia kikohozi.

Leo asubuhi Mama Nyanzala kaja na vijana wawili wakisukuma mkokoteni uliojaa mabenchi ya kanisani. Ameshazungumza na katekista. Nikamwambia yarudi. Akashika kiuno. "Mwalimu, unataka watuone uchi?" Nikamwambia ndiyo. Nikasema tena: ndiyo, Mama, watuone. Akakaa juu ya benchi mojawapo pale pale kwenye mkokoteni, akafunika uso kwa khanga, na sikujua kama analia au ananitukana. Mama Nyanzala amelea wajukuu saba kwa mapanki na hajawahi kumwomba mtu chumvi. Hatimaye akauliza, "Kwa hiyo hata kuku nisichinje?" Nikamwambia kuku achinje, mgeni ni mgeni, lakini mabenchi yarudi. Wameyarudisha. Alikwenda nyuma ya mkokoteni bila kuniaga.

Naogopa. Woga wako haukuwa wa bure, nao nimerithishwa na watu walewale waliokufanya uogope. Inawezekana kesho wakatazama wale watoto juu ya mawe wakaandika kwamba mwalimu mkuu ni mzembe, na mwezi ujao nikawa kisiwani. Inawezekana wakaona kila kitu, wakasikitika, wakaondoka, na fedha zisije. Mama Nyanzala atakuwa ameaibika bure, na watoto watakuwa wametazamwa bure. Sina la kumwahidi mtu kuhusu hilo.

Ninaloweza kukuahidi wewe ni hili. Kesho shule nzima itakuwapo. Nimekwisha kumwambia Kabula akae mbele. Yule mama wa miwani akiniuliza nini kingetutosha, nitamwambia kwamba sijui, kwamba sijawahi kukiona, na kwamba nitakaa naye mpaka tukipate, chumba kwa chumba, mtoto kwa mtoto. Na kabla ya hayo yote nitalitaja jina lako mara ya pili, mbele ya wageni walewale waliolisikia. Nitasema ulikuwa ukinunua chaki kwa mshahara wako. Nitasema uliuficha upungufu wetu kwa sababu walioonyeshwa kabla walikuadhibu wewe na upungufu wakauacha pale pale. Mwalimu Doto ameniahidi kuwapo asikie, ingawa bado hajanisalimia vizuri.

Kisha nitawaambia lile ambalo pale ukumbini nililiacha lijifiche nyuma yako. Madawati uliniachia wewe, ni kweli. Lakini miaka yako yote hukuwahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya nguo yake. Hilo hukunifundisha. Hilo nililibuni mwenyewe.

Pumzika, Mwalimu. Usiniitikie mpaka nimesema.

Mwanao,
Shija