Usiku Nilipovaa Kilemba cha Mjomba

Mjukuu wangu Meera,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Kariakoo hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua, lakini dukani anashinda yeye, mimi ananifukuza.

Umeuliza uvae nini kwenye sherehe ya tamaduni hapo chuoni, maana kila mwanafunzi ametakiwa aoneshe ya kwao. Hata mimi niliambiwa hivyo, chuoni hapa Dar, enzi za Ujamaa. Ngoma niliyoijua ilikuwa mdundiko wa Pwani hii yetu. Utotoni mimi na Sefu, mtoto wa jirani, tuliufuata mtaa kwa mtaa hadi Buguruni, tukarudi kuchapwa wote wawili.

Mwenyekiti wa kamati akaniambia kwa upole, "Ndugu, wewe tuletee ya Kihindi."

Sikubisha. Niliazima kilemba cha mjomba, nikarukaruka jukwaani ngoma ya kubuni, ya nchi ambayo hadi leo sijaikanyaga. Wakapiga makofi sana.

Sefu alikuwepo. Alikuja na ngoma yake, akidhani nitamwita anipigie mdundiko. Tulirudi kwa miguu mpaka mtaani kwetu, yeye kaibeba ngoma begani. Tulipofika mlangoni kwetu akasema, "Kumbe kwenu ni kule."

Nimezeeka kwenye nyumba ileile, mjukuu wangu, na kila nikipita mlango ule naona haya upya.

Ile khanga aliyokupa bibi yako, bado unayo?

Babu yako wa Kariakoo