Mpira Uliokaa Upande

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anajulikana na wote kama Mama Pampu
Umri: miaka 41
Kazi: fundi wa pampu na mashine za mabwawa ya kuogelea
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya soko la mbao, anaishi na mumewe
Siku: Jumapili, tarehe 14. Yameanza kuandikwa saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Mimi ndiye niliyeandikwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu mwenyewe, sikuitwa wala kuletwa. Afisa amenieleza kwamba maneno yangu yanaweza kutumika mahakamani, hata dhidi yangu. Nimemwelewa. Nimemwomba aandike polepole, kwa sababu nikiharakishwa nitaanza kujitetea.

Mnamo Jumanne tarehe 9 mwezi huu, saa mbili asubuhi, nilipigiwa simu na msimamizi wa bwawa la hoteli iliyoko mwisho wa barabara ya lami. Huyo ndiye mtuhumiwa mliyenaye selo. Watu wanamwita Mzee Wavu, maana tangu tumjue hajaonekana bila ule wavu wa mpini mrefu wa kuopolea majani. Alisema, "Mwanangu, Kobe anaumwa. Njoo umwone."

Kobe ni jina ambalo wafanyakazi wameipa mashine ya kusafisha bwawa. Inatumia umeme, inatambaa yenyewe chini ya maji, inasugua sakafu na kuta kwa brashi, na uchafu inauvuta hadi kwenye chujio lililo tumboni mwake. Ukiitazama kutoka juu, ni kobe kweli.

Nilifika saa tatu na robo. Mashine ilikuwa inazunguka mahali pamoja, upande wa maji mafupi, kama mtu aliyedondosha ufunguo. Ukutani haikupanda kabisa. Nilianza na mambo mepesi, ndivyo kazi yetu inavyotaka. Nilitoa chujio nikaliosha, lilikuwa limejaa mchanga laini. Nikafungua kifuniko cha feni ndogo inayovuta maji, nikakuta nywele na uzi wa taulo vimejisokota humo, nikavitoa kwa kibano. Waya wake ulikuwa umejikunjakunja, tukaunyoosha juani mimi na mzee kuanzia saa tano mpaka saa tisa. Brashi zilikuwa bado nzima. Saa tisa na nusu tuliirudisha majini. Ilikwenda mbele kidogo, ikarudi kuzunguka vilevile.

Hapo nikajua ugonjwa uko kwenye moja ya mota mbili zinazoiendesha. Mota hizo zimo ndani ya boksi lililozibwa ili maji yasiingie. Kitabu cha mashine kinasema boksi hilo lisifunguliwe na fundi wa nje, litolewe zima lipelekwe kwa muuzaji, na badala yake liletwe jipya. Nilikisoma kitabu hicho, sikusimuliwa. Meneja wa hoteli aliniuliza itachukua muda gani. Nikasema wiki tatu, labda nne. Akasema Jumamosi shule zinashindana kuogelea pale, wazazi wote watasimama ukingoni wakitazama chini.

"Wewe si ndiye Mama Pampu?" akasema. "Nimeambiwa hakuna kinachokushinda."

Nilipaswa kusema kwamba hiki kinanishinda. Nilisema, "Kesho itatembea."

Mnamo Jumatano tarehe 10, saa nne asubuhi, nilifungua boksi hilo juu ya meza iliyo kando ya bwawa, mahali ambapo wageni huletewa vinywaji. Nilikuta waya mmoja wa mota umeachia pale ulipochomewa kwa risasi, umeshikwa na uzi mwembamba kama unywele. Niliuchomea upya, nikaupima, ukawa sawa. Hapo nilifanya kazi nzuri, na naomba iandikwe ingawa hainisaidii kitu.

Kilichobaki kilikuwa kufunga. Katikati ya boksi na kifuniko chake kuna mpira wa duara unaozuia maji. Ule wa zamani ulikuwa umelala na kukakamaa. Mpira wa kipimo chake sikuwa nao. Ndani ya sanduku langu kulikuwa na mmoja wa pampu, mnene kidogo kuliko unaotakiwa. Niliupaka grisi, nikaulaza kwenye mfereji wake, nikaanza kukaza skrubu. Mzee Wavu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika sahani yenye skrubu zangu zisije zikapotea.

Akainama akasema, "Mwanangu, hapo kona ya kushoto mpira umekaa upande. Umechungulia nje."

Afisa ameniuliza kama mimi niliuona. Niliuona. Niliuona kabla yake. Nilijiambia kwamba skrubu ya mwisho itausukuma ndani. Wahudumu wawili walikuwa karibu, meneja anakuja, nami sikutaka aonekane mzee wa majani ananifundisha kazi. Nilisema kwa sauti ya kusikika, "Mzee, wewe shika wavu wako, bisibisi niachie mimi."

Wahudumu wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka pia, akasema, "Haya, fundi ni wewe."

Lazima nieleze huyu mzee ni nani kwangu. Si ndugu yangu. Miaka kumi na minne iliyopita, nilipotoka kujifunza ufundi, nilizunguka hoteli zote za mji huu na hakuna aliyetaka mwanamke amfungulie pampu. Mahali pengine waliniuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Pale hotelini mzee ndiye aliyemwambia meneja wa wakati ule, "Mjaribuni, akiharibu nitalaumiwa mimi." Hilo jina la Mama Pampu nilipewa na yeye, nikiwa hata mtoto sina, na mpaka leo sina. Mtu huyo ndiye niliyemwambia ashike wavu wake.

Saa saba mchana mashine iliingia majini ikatembea vizuri. Ilipanda kuta, ikashuka, ikageuka. Wahudumu walipiga makofi. Meneja alipiga picha na mimi. Mzee aliichukua sahani yake, akaenda kupima dawa ya maji.

Mnamo Ijumaa tarehe 12, saa moja na dakika arobaini asubuhi, meneja alinipigia. Mashine ilikuwa imekufa katikati ya bwawa, na kisanduku chake cha umeme kilikuwa kinajizima kila kikiwashwa. Nilifika saa mbili na nusu. Nilipofungua boksi, maji ya kujaza kikombe yalimwagika mezani. Mota zote mbili zilikuwa zimekwisha. Mpira ulikuwa umekatika kwenye kona ya kushoto, pale kifuniko kilipoung'ata. Haukuhitaji mtaalamu, hata mtu asiyejua kitu angeona.

Meneja alikuwa amenipa mgongo, anaongea na simu. Niliukunja ule mpira nikautia kwenye mfuko wa ovaroli. Mkono wangu ulifanya hivyo haraka sana, na sitaki kusema kwamba ulifanya wenyewe.

Alipomaliza simu aliuliza, "Imekuwaje?"

Nikasema, "Hili boksi limefunguliwa."

"Limefunguliwa na nani?"

"Sijui. Mimi nililifunga na mpira wake. Sasa mpira haupo."

Sikumtaja mtu. Siku ile nzima nilijishikiza hapo, kwamba sikumtaja mtu. Lakini nilijua kwamba mashine hulala stoo ya bwawa, na ufunguo wa stoo anao mtu mmoja.

Meneja akaanza kukumbuka maneno. Tangu Kobe aletwe, mzee alikuwa na utani wake. Alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mwenzangu hali, halali, wala haombi likizo. Nitamshinda kwa lipi?" Tulikuwa tunacheka wote, na meneja akiwemo. Sasa aliyarudia maneno yaleyale mbele ya walinzi bila kucheka, yakasikika kama vitisho. Walinzi wakapekua stoo, wakatoka na bisibisi. Bisibisi ile naijua, mzee huitumia kukazia ngazi za bwawa zikilegea. Nilikuwa nimesimama palepale. Sikusema.

Saa tano na dakika kumi askari wawili walifika. Mzee alikuwa upande wa pili anaopoa majani. Alipoelezwa, alisema tu, "Sijaifungua." Akaulizwa nani basi. Alinitazama mara moja, si kwa hasira, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Niliinama nikaendelea kupanga vifaa vyangu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Alipokuwa anaondolewa aligeuka akasema, "Pampu izimwe, maji yameshuka, itavuta hewa." Hakuna aliyejua swichi iko wapi isipokuwa mimi. Nikaenda nikaizima.

Mnamo Jumamosi tarehe 13, saa mbili asubuhi, mke wa mzee alikuja kwenye karakana yangu. Nilidhani amekuja kunitukana, na nilikuwa tayari. Hakuja kwa hilo. Alisema, "Mwanangu, baba yako amenituma. Amesema, nenda kwa Mama Pampu, yeye anajua." Kisha akanieleza jinsi yeye alivyolielewa hilo neno. Aliona kwamba mimi najua mashine, kwa hiyo nikienda kuwaambia polisi kwamba mashine huharibika zenyewe, watanisikiliza. "Wewe ni mtaalamu," akasema. "Sisi nani atatusikiliza?"

Nilimwambia siku hiyo nina kazi nyingi, nitaona. Ndipo nikakumbuka kwamba nimemwacha amesimama, nikamvutia kiti. Hakukaa. Alinishukuru akaondoka. Nilikuwa sina kazi yoyote siku ile.

Saa kumi jioni meneja alipiga tena. Alisema mashindano yamehamishiwa kwingine na hoteli imeaibika, lakini hanilaumu mimi. Alisema nafasi ya mzee sasa iko wazi, kama namjua mtu mwaminifu nimpeleke Jumatatu. Mume wangu alikuwa karibu akasikia. Tulipokaa kula alisema, "Mdogo wako si yuko nyumbani tu tangu amalize mkataba? Mpeleke." Alisema kwa nia njema kabisa.

Nilitoa ule mpira mfukoni nikauweka mezani karibu na chumvi, nikamweleza yote. Aliacha kula. Halafu akasema, "Unaniambia mimi wa nini? Mimi ndiye niliyemweka ndani?" Akainuka akatoa vyombo, zamu ya kutoa vyombo ikiwa yangu. Asubuhi ya leo nilikuta ametoa kitambulisho changu kabatini akakiweka juu ya viatu vyangu.

Leo saa moja na nusu nilifika kwenye geti la kituo hiki. Mahabusu watatu walikuwa wanafagia uwanja. Mmoja alikuwa Mzee Wavu, miguu mitupu, bila mkanda, suruali ameishika kwa mkono mmoja na fagio kwa mwingine. Tangu nimfahamu sijawahi kumpita mzee yule bila kumwamkia. Leo nilifungua mdomo salamu haikutoka. Yeye ndiye aliyeanza.

"Umefika, mwanangu."

Nikasema, "Mzee, ni mimi. Ule mpira ni mimi."

Akasema, "Najua. Si nilikuwa nimesimama nyuma yako?" Kisha akanionyesha mlango kwa fagio. "Ingia hapo. Zamu inabadilishwa saa mbili, ukichelewa utakaa benchi mpaka mchana."

Nimemuuliza afisa kama mzee alinitaja kwenye maelezo yake. Amesema hakunitaja. Amesema mzee aliulizwa mara tatu ni nani mwingine aliyeigusa mashine, akajibu kwamba fundi aulizwe mwenyewe.

Nikiulizwa kama nimeshawishiwa au kutishwa na mtu yeyote, jibu ni hapana. Nikiulizwa kwa nini nimekaa siku mbili, jibu ni dogo. Niliogopa watu wasije wakasema kwamba kumbe hata Mama Pampu. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine kubwa zaidi.

Boksi lile halikufunguliwa na mtu baada yangu. Nililifunga vibaya nikijua. Nilimdanganya meneja. Mpira uliokatika nimemkabidhi afisa, na kipande kilichokatika kinalingana na alama iliyoko kwenye kifuniko, mkienda mtaiona.

Sina la kuongeza. Niliyoyasema ndiyo yaliyotokea, nimeyasema kwa hiari yangu na akili zangu zikiwa timamu.

Saini ya shahidi: (ameweka saini)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yamemalizika saa tatu na dakika hamsini asubuhi. Nimepokea mpira mmoja mweusi wa duara uliokatika, nimeuhifadhi kama kielelezo. Meneja wa hoteli ameitwa, boksi la mashine limeletwa, na alama imeonekana kama ilivyoelezwa. Mtuhumiwa ameachiwa saa tano na nusu, amerudishiwa mkanda na viatu. Shahidi amejulishwa kwamba huenda akafunguliwa jalada kwa kutoa taarifa ya uongo, na ametakiwa kuripoti hapa kesho saa tatu asubuhi.

Wakati wa kusomewa, shahidi aliomba sahihisho moja. Katika aya inayohusu boksi, mwanzoni nilikuwa nimeandika, kama alivyosema mwenyewe, "nilikosea kumwambia meneja." Aliomba sentensi hiyo ifutwe iandikwe "nilimdanganya meneja." Nilimshauri kwamba ile ya kwanza ingemfaa zaidi mbele ya hakimu. Alijibu kwamba anajua. Nimeifuta, na shahidi ameweka saini pembeni ya mstari huo.