Bendera Tunayoikanyaga Kila Mwaka

Mpendwa mshauri wetu, nishike mkono maana nimekwama, mimi ni fundi cherehani wa jumba la makumbusho, mwaka wa tisa huu, na kila Siku ya Ushindi ile bendera tuliyowanyang'anya maadui hutandazwa uwanjani, gwaride likapita juu yake, watu wakashangilia, halafu inarudi kwangu imechanika naitia viraka ili mwakani ikanyagwe tena, na sikuwahi kuona ubaya, tulishinda bwana, bila ushindi ule nisingekuwa na nchi ya kushonea. Sasa mwezi uliopita nikafumua pindo lililooza, ndani nikakuta mishono ya mkono, midogo kama ufuta, imenyooka mwanzo hadi mwisho, na pembe ya kushikia imeshonwa mara tatu, kama mama anavyoimarisha mfuko wa mwanawe, mshauri, mimi na ufundi wangu wote siwezi kushona vile. Nikamwita baba mkwe aje aone, maana ndiye aliyeiteka, na wenzake wote wamekwisha kufa kwa hiyo mwaka huu amepewa heshima ya kuikanyaga wa kwanza, mzee akavua kofia, akaigusa ile pembe, akasema, "Kijana aliyeishika hakuiachia. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja. Usiitie kiraka tena, mwanangu." Kisha akaomba kiti. Hajawahi kutusimulia hilo hata siku moja, mume wangu anasema baba amezeeka nishone tu, mkuu wangu amenipa wiki mbili la sivyo niiage kazi, nami kila nikishika sindano naviona vile vidole, je, tuache kabisa kuusherehekea ushindi wetu?
Fundi niliyekwama

Fundi, pole, lakini kwanza nikugombeze. Miaka tisa unashona kitu ili kikanyagwe, hukujiuliza? Haya, usijibu, maana miaka hiyo yote mimi nilikuwa jukwaani napiga makofi mpaka viganja vinawaka. Tumekosa wote.

Siku ya Ushindi ibaki. Waliotufia wana haki ya kukumbukwa walau siku moja kwa mwaka. Ila kukumbuka si kukanyaga. Kama adui alikuwa tambara la kufutia viatu, baba mkwe wako alishinda nini? Alimshinda mtu asiyeachia.

Sasa sikiliza. Lirudishe pindo kama ulivyolikuta, kiraka usiongeze, wala usimdanganye mkuu wako kwamba panya wameitafuna. Kesho asubuhi nenda na mzee kwa mkuu wako, bendera mikononi, amwambie mwenyewe aliyokwambia. Mumeo abebe kiti, ndiyo kazi yake. Ombeni bendera isimamishwe, isilazwe chini. Wakikataa, waachie sindano yao tuone nani atashona. Mikono kama yako haikosi kazi.

Na siku yenyewe mzee asihangaike na hotuba. Akifika mbele ya ile bendera avue kofia tu, kama alivyovua kwako. Mimi nitakuwa jukwaani palepale pangu, na safari hii sitapiga makofi.