Kope za Jicho la Kushoto na Jino la Nyangumi

Mpendwa Shangazi Losalini,

Naomba unisaidie na tafadhali usinicheke, maana hili sijamwambia mtu yeyote hapa Savusavu, nami ninaolewa mwisho wa mwezi. Nilikuwa na kibanio changu cha kope, kile cha chuma cha kuzikunja zielekee juu, kizuri, nilikinunua Suva, binamu yangu Varanisese alipokiona akasema, "Nipe nami nipendeze, au mwenye macho ni wewe peke yako?" na unajua kwetu ndugu akiomba hanyimwi, basi nikampa, naye akaombwa na wifi yake, wifi akaombwa na kwaya nzima, na kiliporudi baada ya miezi minne ule mpira wa ndani umetoka, mahali pake wamechomeka kipande cha kandambili, cha bluu, nami asubuhi hiyo nimechelewa kazini, maskara nimeshapaka, nikabana kwa nguvu, mara paka wa jirani akaruka dirishani, nikashtuka, nikavuta, na kope za jicho la kushoto zikabaki kwenye chuma.

Kwa aibu nikavaa miwani nyeusi nikasema nina macho mekundu. Shangazi, uongo ule umeota miguu! Mama yake Semi, mchumba wangu, ananiletea majani ya kuoshea macho kila jioni, mchungaji ameniombea mbele ya watu, na Varanisese anaamini ameniambukiza kwa kibanio kile, analia tu, hali chakula, na sasa wazee wa kwao wametafuta jino la nyangumi, ile zawadi kubwa ya kuombea radhi kwa mila yetu, wanakuja Ijumaa hii kumwomba baba yangu msamaha rasmi. Nifanye nini? Na kope zitaota kabla ya harusi?

Akeneta

Mwanangu Akeneta,

Nilijitahidi nisicheke. Kandambili ikanishinda.

Tuanze na kope. Kosa si la Varanisese, wala la kwaya, wala la paka wa watu. Ni lako. Nimepamba maharusi miaka ishirini na sita, na kila mwaka yupo mmoja anayebana baada ya maskara. Maskara hunata kwenye mpira! Kope hubanwa kabla, zikiwa safi na kavu. Tazama chini kidogo, sogeza kibanio karibu na mashina bila kugusa ngozi, bana taratibu, hesabu mpaka kumi, kisha uachie kabisa ndipo uondoe mkono. Sogea katikati ya kope, bana tena, safari hii kwa upole zaidi. Basi. Hukamui ndimu.

Ukienda kununua kingine, usidanganywe na rangi. Kiweke jichoni bila kubana: kikiacha kope za pembeni nje, ni kidogo kwako, kikifinya ngozi, mviringo wake si wa jicho lako. Chagua chenye mpira laini, na wa akiba ndani ya boksi, uubadilishe kila baada ya miezi mitatu. Ndugu akiomba, mnunulie chake. Kitu cha machoni hakizungushwi kwaya nzima, la sivyo hayo macho mekundu uliyoyazua yatakuja kweli.

Kope zitarudi baada ya miezi miwili hivi, usipozichokoa. Harusini vaa za kubandika. Macho yote mawili, tafadhali, si hilo moja tu.

Sasa hilo jino, na hapa sicheki tena. Baba yako akilipokea, wazee wazima watakuwa wameketi chini mbele yake, wamejishusha kwa kosa ambalo halikutendeka. Ukweli utatoka, mwanangu, hata kama ni baada ya mtoto wa pili, na siku hiyo atakayetafuta jino la kwenda kuomba msamaha ni baba yako. Atauweka wapi uso wake mzee wa watu? Nenda kwa Varanisese leo, si Alhamisi jioni. Mwoneshe jicho, mweleze yote, halafu mwende pamoja kwa baba yake awazuie wazee. Mama mkwe mwambie mwenyewe, na umshukuru kwa majani.

Majina nimeyabadilisha kabla ya kuitoa barua hii gazetini, lakini Savusavu ina bibi harusi mmoja tu mwenye miwani nyeusi. Ikiwa wewe unausoma ukurasa huu, na Varanisese anausoma. Kimbia!

Atakucheka, tena atakucheka mpaka upate wajukuu. Mwache. Amelia wiki nzima kwa kosa lako.

Shangazi Losalini