Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Masharti yametoka. Nimeyasoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimesimama.

Gari dogo la petroli. Watu wasiopungua watano. Libane mafuta kuliko mengine yote. Halijengwi kwa chuma — tunalichora ndani ya programu, na programu yenyewe inalipeleka barabarani, inaligongesha ukutani, inalipatia alama. Timu ya watu wawili. Wote wawili lazima wabonyeze "Kubali", la sivyo gari haliingii. Mwisho Jumapili tarehe 14, saa kumi na mbili jioni. Timu tatu za kwanza zitajifunza miezi sita na wabunifu wa magari ya kweli.

Miezi sita! Nimemaliza uhandisi mitambo huu mwaka wa pili, na kazi niliyopata hapa Musoma ni kutengeneza mashine za kusaga za watu wanaoniita dada fundi, kisha wanamtafuta mwanaume aje kuhakikisha. Naitaka nafasi hii. Naandika hivyo ili baadaye nisijidanganye kwamba nilikuwa nacheza tu.

Mwenzangu ni Dorkas. Tulisoma naye bweni, sasa ni nesi Bunda. Mimi injini na chesisi; yeye bodi, viti na rangi.

Baba alichungulia skrini. Gari lisilo na tairi la kupiga teke, akauliza, utajuaje kama ni zima? Akachukua funguo akaenda stendi. Yeye anaendesha mchomoko, gari dogo la abiria, Musoma–Bunda. Hajawahi kuniachia usukani. Leseni ninayo tangu chuo.

Jumatano, 3 Septemba

Silinda tatu. Injini ya cc mia nane. Nimepunguza uzito kila mahali — milango, zulia, hata bawaba za boneti. Dorkas ameinamisha paa kuelekea nyuma, upepo unateleza. Linafanana na kuku aliyelala, lakini kilomita ishirini na sita kwa lita!

Kwenye ubao wa matokeo ya awali tuko nafasi ya pili. Ya pili. Sijala mchana.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo tumekwenda Butiama kumchukua Bibi Matrida. Ana miadi ya macho hospitali ya hapa mjini. Ni mama yake mama. Kwa baba ni mama mkwe. Kwa mila yetu, mama mkwe hawezi kulala nyumbani kwa mkwe wake. Kwa hiyo amefikia Nyegina kwa mama mdogo Jenoveva.

Tulipofika kwake Mwitongo, pale Butiama, gari lilikuwa na watu tayari. Baba hatembei mtupu hata akienda msibani. Mbele alikaa Yusto, katekista, pamoja na mwanamke mwenye mtoto. Nyuma tulikuwa watatu. Tukajibana ili Bibi akae katikati. Bibi akainama, akachungulia, akaona shingo ya baba iko pale pale mbele ya kiti. Akanyooka.

"Mwambie baba yako mimi nitakaa kule."

Kule ni kwenye buti.

Baba, macho kwenye usukani: "Mwambie mama kule kuna tairi la spea."

"Mwambie nitalikalia."

Wako hatua mbili! Kila mmoja anamsikia mwenzake. Lakini hawasemeshani, hawatazamani, mkono hawapeani. Si ugomvi. Ni heshima ya ukwe, nimekua nayo kama nilivyokua na kuta za nyumba yetu. Sijawahi kuuliza inakaaje ndani ya gari.

Leo nimeona inavyokaa. Bibi aliingia buti, magoti kifuani, uso kwa nyuma. Na baba akafanya jambo ambalo nilikuwaga naliona tangu nikiwa mdogo bila kulitia akilini: akanyoosha mkono akageuza kioo cha ndani, kikatazama paa. Ili asimwone. Akaendesha hivyo njia nzima.

"Werema, nyuma kuna lori," Yusto alimwambia.

"Litapiga honi."

"Likikosa honi?"

"Basi wewe katekista utatuombea."

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Halafu tukaruka tuta karibu na Makutano, na nikasikia kichwa cha Bibi kikigonga kioo cha mlango wa nyuma. Nikageuka. Alikuwa anajifunga kanga upya. "Sijaumia," akasema kabla sijauliza.

Jioni mama mdogo ametuma ujumbe. Bibi ana nundu kisogoni kama ndimu na amekataza tusiambiwe.

Nimefungua programu. Kuna kitufe cha kila kitu: unene wa bati, pembe ya taa, upana wa tairi. Cha dereva aliyegeuza kioo ili asimwone mkwewe hakipo. Lile jaribio la kugongwa, lililotupa alama nzuri hivyo, linahesabu watu watano wanaokaa mahali walipopangiwa. Nani anakaa alipopangiwa?

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa nimechora kiti ndani ya buti. Kidogo, kinatazama nyuma, kina mkanda na egemeo la kichwa. Nikampigia Dorkas nikiwa na furaha kama mjinga.

Dorkas akasema watu wa buti anawajua yeye, si mimi. Wanaletwaga wodini kwake. Gari likigongwa nyuma, bati lote linaishia kwao. "Stazia, hicho siyo kiti. Umeweka mkanda kwenye jeneza."

Nilimwambia watu watakaa buti tupende tusipende. Akasema ndiyo, lakini si kwa mchoro wake.

Nimejaribu hata hivyo. Programu ililigongesha gari kwa nyuma. Kile kimtu cha plastiki cha kwenye kiti cha buti kilikuwa chekundu chote.

Dorkas yuko sahihi. Inaniuma.

Jumanne, 9 Septemba

Niliwaandikia waandaaji, kwa Kiingereza: je, kiti kinachotazama nyuma kinaruhusiwa? Wamejibu vizuri tu. Kinaruhusiwa, kinahesabiwa kama kiti kingine, kitajaribiwa kama kingine. Wakauliza ni cha watoto?

Nikajibu ni cha mama mkwe.

Vikatuni vya kucheka, safu nzima. Mmoja akauliza kwa nini hapandi gari lingine. Mwingine kwa nini asikae nyuma kama watu wote. Niliandika maelezo marefu, nikayafuta. Ningewaambia nini — kwamba Bibi hawezi kukaa saa nzima akipumulia shingo ya mkwewe? Kwa Kiswahili ni sentensi moja, na mtu wa hapa haihitaji. Kwao ningehitaji kitabu.

Mwishowe nikaandika: "Ni wa uzito wa kilo hamsini na nane." Hicho walikielewa.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata!!

Si ndani ya buti. Kiti cha nyuma ya dereva, kile kile, nimekigeuza. Migongo inagusana: dereva anatazama mbele, mkwe anatazama nyuma, na wote wako ndani ya sehemu ngumu ya gari. Katikati yao ukuta mwembamba wa bati mpaka darini. Dereva akiangalia kioo anaona barabara tu. Hana haja ya kukigeuza!

Nimegongesha mbele, nyuma, ubavuni. Kimtu ni kijani.

Ubaya: miguu ya Bibi inakula nafasi ya buti na ya abiria wa pembeni. Kilo zimeongezeka. Kilomita ishirini na nne kwa lita. Nafasi ya sita.

Ijumaa, 12 Septemba

Kuna magari mawili sasa. A halina kiti hicho. Ni la pili. B linacho, ni la sita. Hakuna nilichoweza kupunguza tena kwenye B — nimekesha kwenye giaboksi bure.

Dorkas anataka A. Tulibishana simu ikawa ya moto. B analipenda, anasema, ndilo gari zuri kuliko yote tuliyochora. Lakini nafasi ya sita haisomeshwi na mtu. Yeye naye amechoka: zamu za usiku, maiti wa ajali, daktari anayemwita "wewe". "Tushinde kwanza. Hicho kiti utakiweka kwenye magari ya kweli, ukishakuwa mtu wa kuyatengeneza." Ni maneno ya akili. Nikamwambia nitafikiri.

Mchana nilikwenda Nyegina na laptop. Nikamwonyesha Bibi. Macho yake wameyatia dawa, ilibidi nimwelezee kwa mkono: wewe hapa, baba hapa, mgongo kwa mgongo.

Akauliza atakuwa anaangalia nyuma safari nzima? Ndiyo, Bibi.

"Nitatapika."

Nikaanza kufunga laptop. Akacheka mpaka akashika nundu. "Nitatapika, mjukuu wangu. Hata kule kwenye tairi natapikaga, we hujui? Kwenye kanga, kimya kimya. Lakini heri nitapike nimekaa kwenye kiti."

Miaka yote hiyo. Kwenye kanga.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimebonyeza "Kubali" kwenye A.

Ninaweza kuliondoa mpaka Dorkas naye abonyeze. Anatoka zamu kesho saa tisa alasiri, atabonyeza akifika nyumbani. Alinitumia ujumbe mmoja tu: "Asante. Najua."

Nimepiga pasi nguo za wiki nzima. Sijisikii chochote, na hilo nalo si kweli.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika juu ya usukani, Makutano, gari limezimwa. Mwandiko mbaya.

Leo ilikuwa kumrudisha Bibi. Tulimchukua Nyegina saa nane, gari lina watu kama kawaida, Yusto tena mbele. Baba akashuka akafungua mlango wa buti na kusimama kando, uso pembeni, kwa adabu kabisa, kama anayemfungulia mgeni mlango wa sebule.

Bibi akaanza kukunja kanga aingie.

Sikupanga. Nilijikuta nimesimama kati yake na buti. Nikamwambia baba anipe funguo.

"Za nini?"

"Nitaendesha mimi. Mimi siyo mkwe wake. Bibi atakaa mbele pale kwa Yusto."

"Na mimi?"

Niliangalia buti. Abiria mmoja nyuma akaguna. Baba aliniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia. Akasema hajaona mtoto anampangia baba yake pa kukaa. Nikasema, Bibi ana nundu, baba. Kutoka safari ile. Hukuambiwa.

Baba hakumwangalia Bibi, hata hapo. Alitoa funguo akaziweka juu ya bati la gari, si mkononi mwangu, akakunja miguu akaingia buti. Ni mrefu kuliko Bibi. Magoti yalifika masikioni.

"Leo dereva ndiye mzigo!" alisema Yusto akihamia nyuma, na watu wakapata pa kuchekea.

Nimeendesha taratibu. Taratibu sana, hata baiskeli imetupita. Lakini matuta ni matuta. Kwenye la kwanza nilisikia kishindo nyuma na neno moja la kikwetu ambalo siliandiki. La pili, kishindo tu. La tatu, kimya.

Hapa Makutano watu wawili wameteremka. Nilizunguka kumfungulia. Baba alitoka kwa mikono kwanza, kama ndama. Akashika shingo. Paji limelowa, midomo imepauka, akaenda akainama kwenye nyasi. Nilimpa maji.

Aliporudi alisimama anaangalia lile tairi la spea. Aliuliza, polepole: "Huyu mama amekaa humu mara ngapi?"

Hakuwa ananiuliza mimi.

Bibi, kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka: "Mwambie baba yako apumzike kwanza. Butiama haiendi popote."

"Mwambie mama nashukuru," baba akasema. Amekaa kwenye jiwe pembeni ya barabara, kichwa mikononi. Hajaomba funguo.

Saa tisa imepita na dakika kadhaa. Dorkas ametoka zamu. Yuko njiani, au amefika, au tayari ameshika simu na kufungua ukurasa. Nimejaribu kuingia kuliondoa "Kubali" langu — mtandao hapa unazunguka tu, unazunguka. Nafasi ya pili bado ni yetu. Sijui nitamwambia kwa maneno gani kwamba sasa nalitaka B. Nafasi ile ni yake pia, zamu zile ni zake, si zangu.

Nimempigia.

Inaita.