Uwanja wangu wa visahani umenoga, mke wangu kaacha kufinyanga

Bi Tausi mwanangu, mshauri wetu wa redioni, nina shida na shida yenyewe imeshaota meno, na kwa kuwa shule miye niliiona kwa nje tu nikipita na mbuzi wa babangu, barua hii nakusemea kwenye simu, mtaipanga wenyewe huko mjini. Miye ni Uweso, wa Mkwaja, na kama hujapata kunisikia basi huenda wewe ni mgeni Tanga hii, maana ndiye miye niliyepiga nguruwe wawili kwenye shamba la muhogo kwa fyatuo moja la marisau, zile punje za risasi, wa kwanza alikufa kwa kupigwa, wa pili alikufa kwa kuona mwenzake alivyokufa. Nakwambia hilo ujue unayezungumza naye ana ujuzi, si mtu wa kuokotwa.

Sasa mwaka huu akaja kijana mmoja, Timotheo, wazazi wake walikuwa watu wa mashamba ya mkonge, yeye akaenda Arusha akapata, na huko kaingia kwenye kundi la watu wanaocheza kupiga visahani. Usishangae, hata miye nilicheka. Kuna mtambo unarusha kisahani cha udongo juu kama njiwa, bwana kasimama na bunduki ya marisau, anakipiga kikiwa hewani, kikivunjika wenzake wanampongeza, halafu wanakunywa soda. Nikamuuliza, "Na nyama?" Akasema, "Hakuna nyama mzee, ni mchezo." Nikamwambia, "Basi mna shibe nyie."

Akawa anatafuta uwanja huku pwani na kila mtu anamzungusha, huyu kamwonyesha minazini ambako kisahani kikirushwa kinapotelea kwenye makuti hukioni tena, yule kamwonyesha pahala panapotazama magharibi ambapo ikifika alasiri jua linakuchoma jicho hata tembo utamkosa. Akaja kwangu amechoka. Nikamwambia, mwanangu, uwanja wa kulenga ni kama kuchagua mchumba, usitazame sura, tazama nyuma yake kuna nani. Kaskazini kwetu ni nyumba na ndiko kibla, hakupigwi. Mashariki maji yakitoka wanawake wapo wanaokota chaza, hakupigwi. Magharibi lile jua. Nikampeleka nyuma ya shamba langu, pale linapoanza jangwa la chumvi, nikamgeuza uso kusini. Mbele hapana mti, hapana nyumba, hapana njia ya watu, mbingu imeshuka mpaka chini, kisahani kikipita unakiona kama nzi kwenye maziwa, marisau yanaangukia patupu, na upepo wa kusi ukikipiga kwa mbele kinapanda kama bei ya sukari Ramadhani, hata bingwa atatoka jasho. Timotheo akapima kwa simu, akatembea, akapima tena, mwisho akasema, "Mzee, haya ulisomea wapi?" Nikamwambia, "Machoni."

Mke wangu Mwatumu alikuwa kasimama pale na jembe lake, akasema, "Na wewe nilipokuchagua, nyuma yako kulikuwa na nani?" Nikamjibu, "Mama yangu, na ulipomwona ulinywea." Tukacheka. Wakati huo tulikuwa bado tunacheka.

Taabu ikaanzia kwenye visahani vyenyewe. Vya kiwandani vilivyokuja na gari vilikutana na mashimo ya barabara yetu, masanduku kufunguliwa, ndani unga. Timotheo akaona vyungu uani kwangu akasema, "Si mama atufinyangie?" Na hapa lazima nimsifie mke wangu, maana sifa zote nikizichukua miye si haki. Mwatumu akikufinyangia mtungi, mtungi utakuzika. Akafinyanga visahani, akavisugua, akavichoma kwa vifuu na makuti, vikatoka vyekundu, ukivigonga vinalia kama kengele.

Siku ya kujaribu bwana mmoja mnene, rafiki wa Timotheo, akapiga. Kisahani kikasema ting, kikaendelea na safari yake. Akapiga cha pili, ting. Cha tatu kikatua mchangani taratibu kama kitoto kilichobembelezwa. Bwana akadhani anakosa, akaitukana bunduki, lakini tulipoviokota vina alama za marisau na vyote vizima. Mwatumu akavikusanya kwenye kanga akawagawia wanawake wafunikie vyungu vya mchuzi, na mpaka leo ukiingia jiko lolote Mkwaja utaambiwa, "Hiki kimepigwa bunduki hiki."

Timotheo akamfuata uani kwa adabu. "Mama, visahani vyako ni vizuri mno. Tunaomba vibaya kidogo."

"Vibaya kidogo viko sokoni, baba. Hapa havipatikani."

"Lakini mama, kazi yake ni kuvunjika."

"Basi rusheni mayai."

Nikajaribu na miye, nikamwambia mke wangu, fanya tu, nani atajua. Akaniangalia kama nimemwambia avue kanga barabarani. Akasema mama yake alimfundisha kitu kimoja, kwamba mkono ukizoea kufanya kibovu kwa makusudi, siku ukitaka kizuri utakigomea. Akaendelea na kazi yake, maana alikuwa na kazi kubwa, kulikuwa na arusi ya mpwa wake kule Nguvumali, Tanga mjini, na ameahidi mitungi na vyetezo vyote vya kufukizia udi.

Bi Tausi, sasa nakuja kwenye penyewe. Siku moja Mwatumu kaenda kwenye khitma, udongo wake kauacha umelowekwa chini ya gunia. Miye nikachukua chokaa na maganda ya chaza nikayaponda, nikayachanganya. Nilikusudia kutia kwenye kona tu, ile ya visahani, lakini udongo hauna kona. Akarudi, akaukanda, akasema, "Mbona leo una mchanga mchanga?" Nikasema ndio mvua hizi. Akafinyanga vyote, visahani kwa namna yake ile ile na mitungi na vyetezo, akachoma, vikatoka vizuri vya kutazamwa. Chokaa kumbe haina haraka, inangoja unyevu, ndipo inavimba ndani na kupasua.

Uwanjani, Bi Tausi, wallahi ungekuja kuona. Kisahani kinapigwa kinakuwa moshi. Yule bwana mnene akaruka kama mtoto. Timotheo akanikumbatia, akasema uwanja bora ni ule ambao mpigaji anaona alichopiga, na pwani yote hii hajaona kama wangu. Nikatembea kijiji kizima nikiwaambia watu alivyosema. Na Nguvumali wiki ile ile, mbele ya wakwe na mashangazi wote, chetezo kikamegeka mkononi mwa mama wa bwana arusi, makaa yakamwagika busatini, wanawake wakaruka na madera yao. Kumimina maji ya kuzimia makaa, mtungi nao ukatoka tako.

Mwatumu alirudi nyumbani. Akaketi jikoni, akautazama mkono wake wa kulia, akasema, "Umekufa." Tangu siku hiyo udongo hajaugusa. Akakumbuka kwamba shoga yake Saleha, wa jirani, aliyecheza naye kombolela utotoni, alipoviona vile vyetezo kabla ya arusi alisema, "Vizuri hivi utadhani vya dukani," na hakusema mashaallah. Basi imekuwa ni kijicho cha Saleha. Hawasemezani. Saleha kaja mlangoni analia, "Mwatumu, mimi nikuhusudu wewe, nipate nini?" Mke wangu kamfungia mlango. Miye nilikuwa nimekaa hapo barazani, nikajifanya nakohoa.

Nawe uone nilivyobanwa. Timotheo analeta watu wa mashindano, anataka visahani kama vile vile. Nikisema, Mwatumu ataniondoa duniani. Nikinyamaza, mkono haufinyangi, na jikoni kwangu hakuna wa kuniambia hata nyamaza. Nimefikiri nimlete mganga mmoja ninayemfahamu, aje aseme kulikuwa na jini, kaondoka, mkono umepona, na miye nisitajwe mahali. Niambie kama njia hiyo itafaa, au kama unayo nyingine ya kumrudishia mkono wake bila kunigusa. Jina langu usilitaje, sema tu mzee mmoja hodari. Kusoma hewani usiogope, Mwatumu redio kaizima siku hizi, hataki kusikia hata taarabu.

JIBU LA BI TAUSI

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo shikamoo ishike vizuri, maana ndiyo heshima ya mwisho utakayopata kwangu leo.

Umeomba nisitaje jina lako. Jina umelitaja mwenyewe kabla hujamaliza pumzi ya kwanza, ukaongeza na nguruwe. Hata ningelifuta, kwa sifa hizo Mkwaja nzima ingejua ni nani.

Nikupe haki yako kwanza. Kuhusu uwanja unajua. Mbingu wazi, jua lisimchome mpigaji, upepo wa kumpa kazi, na marisau yaangukie pasipo mtu. Wengi wenye hela zao wanakosea hapo. Lakini umesahau mambo. Marisau yale ni madini ya risasi, ni sumu, yakibaki chini mbuzi wa kijiji wakalamba chumvi ile, utakuja kuniandikia barua ya mbuzi. Yaokotwe, na mbuzi wahamishwe leo. Pandisha bendera nyekundu siku za kupiga, watu watangaziwe msikitini na kanisani, na bunduki isiyo na kibali isivuke shamba lako hata kama mwenyewe ni mnene namna gani. Na Timotheo, kama ana akili ya kupata mali Arusha, ana akili ya kufunga visahani vya kiwandani kwenye pumba za mpunga visisagike njiani. Anunue. Visahani vya mkeo mwisho, asimwombe tena wala wewe usimwombee.

Sasa nyumbani kwako. Wewe uliyechagua upande wa kupiga kwa makini hivyo, ukapita kaskazini na mashariki usimdhuru mtu, kwenye udongo wa mkeo ulifumba macho ukafyatua. Umewapata wanawake wawili kwa pigo moja. Hiyo ndiyo hadithi ya kweli ya fyatuo moja, na hii huisimulii barazani.

Nakuonea huruma, si kwamba sikuonei. Umezeeka, kijana kakwambia una uwanja bora pwani nzima, kichwa kikapaa. Ingempata yeyote. Lakini mwanamke kaketi jikoni anautazama mkono wake mzima anauona maiti, na mwenzake analia mlangoni kwa kijicho asichonacho, na wewe umekaa katikati yao unakohoa. Hapo sina huruma, mzee. Hapo una roho ngumu kuliko vile visahani vya kwanza.

Habari ya mganga niondolee. Unataka kuongeza jini kwenye nyumba ambayo tayari ina chokaa. Mganga akija, Mwatumu ataamini kwamba aliwahi kufanyiwa kitu, na Saleha atabaki mtuhumiwa mpaka kaburini. Kumponya mtu kwa uongo juu ya uongo ni kumfunga kidonda kwa tambara lile lile lililomtia usaha. Unaogopa atakuondoa duniani. Hatakuondoa. Atakununia, atakunyima chai, atahamia kwa binti au kwa kaka yake siku kadhaa, na utapika mwenyewe. Stahimili. Mtu aliyepiga nguruwe wawili hashindwi na sufuria.

Usianze na Timotheo, wala usianze na barabara mbovu, wala usimwambie nilikusudia kona tu. Kaa chini, si kwenye kiti. Sema, "Mwatumu, mkono wako mzima. Nilitia chokaa kwenye udongo wako. Saleha hana kosa." Halafu nyamaza. Najua kwako kunyamaza ndiyo kazi kubwa kuliko kusema, lakini kila neno utakaloongeza litakuwa la kujitetea. Akilia, nyamaza. Akikutukana, nyamaza na umpe maji. Baada ya hapo mwende wote kwa Saleha, umrudie maneno hayo hayo mbele ya mkeo, kisha upande gari uende Nguvumali kwenye ile nyumba ya arusi ukayaseme kwa sauti ileile unayotangazia uwanja. Walioona chetezo kikimegeka wakusikie na wewe. Ukirudi, uchimbe udongo mpya mwenyewe, uubebe mwenyewe, uuweke uani, uondoke. Usimuulize ataugusa lini. Hiyo ni saa yake.

Na usingoje kesho, mzee. Unasema kusoma hewani hakuna neno kwa sababu Mwatumu kaizima redio. Mwatumu ndiye aliyeizima, wewe najua unanisikiliza kwa simu hapo barazani. Saleha hajazima, Saleha ananisikiliza kila wiki na salamu hunitumia, na hivi ninavyozungumza ameshasikia yote tangu mwanzo. Kutoka kwake mpaka kwako ni ua wa makuti tu, na sasa hivi anatafuta kanga ya kujitanda.

Inuka uingie jikoni. Akifika yeye kwanza, hakuna uwanja Tanga hii utakaokutosha.