Sauti Yako Kwenye Skrini Yenye Giza

Mpendwa Baba Chebet,

Laptopu yako ilirudia ule ukaidi wake. Nikiifungua, kitaa cha pembeni kinawaka, feni inanguruma, mlio wa kuamka nausikia vizuri kabisa, lakini skrini ni giza tupu. Ungekuwepo ungeipapasa mgongoni na kuniambia, "Wacha presha, Atieno, hii inajua mwenyewe." Mimi hainijui. Nilikaa nayo mezani hapa kwetu Boito, mvua inapiga mabati, nikakukasirikia sana kwa kuniachia vitu na watu ambao ni wewe tu uliyewaweza, mama yako akiwa wa kwanza.

Kogo, kama Chebet wetu anavyomwita bibi yake, alikuwa hajaambiwa kwamba ulifariki. Ngoja nikueleze. Ulipotutoka, yeye mwenyewe alikuwa wodini na moyo wake, na daktari alikuwa amesema asipewe habari ya kumshtua. Ndugu yako Kipkoech akaamua, wazee wakakubali, tukakuzika hapa nyumbani bila mama yako. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, Kipkoech akampeleka kwake Bomet mjini, eti awe karibu na kliniki. Ukweli ulikuwa kwamba angerudi Boito angeliona kaburi kabla hajafika mlangoni. Kwa hiyo akawa anaambiwa umetumwa kozi ya walimu, mbali, mahali hakuna mtandao. Mimi nilipokwenda kumwona nilikuwa nacheka na kumsimulia habari za ng'ombe. Chebet amefundishwa kunyamaza, na inaniuma jinsi alivyolijua somo hilo haraka.

Kogo alikuwa akiniuliza swali moja tu. "Mbona huyo mtoto hanipikii simu?"

Unakumbuka tulivyochekana kwa neno hilo? Ulikuwa mwalimu mgeni, na mimi karani wa kupima majani pale kituo cha kununulia chai. Uliniambia, "Nitakupikia simu jioni," nikakujibu usisahau kitunguu. Ukanuna kidogo, kisha ukalipiza: ukaniuliza kama kwetu ziwani watu bado wanalima "samba", au siku hizi wanalima simba. Sisi "sha" inatushinda, nyinyi "ga" inawashinda, na Kiswahili cha nyumba yetu kilikuwa kinachechemea miguu yote miwili. Chebet alipoanza shule akawa anatusahihisha mezani. "Ni kupiga, Baba. Ni shamba, Mama." Ukamwambia, "Wewe kula."

Basi Jumapili baada ya kanisa Kipkoech alikuja na wazo. Alikumbuka ile video uliyomrekodia Kogo alipolazwa, ukashindwa kumtumia kwa sababu ilikuwa nzito na bando ya intaneti ilikuwa imeisha, ukaihamishia kwenye laptopu. Simu yako ilipotea hospitalini katika ile rabsha ya siku ulipotutoka, kwa hiyo sauti yako imebaki mahali pamoja tu, ndani ya laptopu hii.

"Mama Chebet, tutoe sauti peke yake," akasema. "Mimi nakaa nje naicheza kwa simu, Mama huko ndani anashikilia ingine kwa masikio. Atajua ni mtoto wake yuko kwa laini. Roho yake itatulia."

Nilimwongezea chai. Wazo hilo lilinitisha. Hata hivyo sikumkatalia, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa na kiu ya kukusikia, na hilo ndilo lililonikalisha mbele ya mashine yako.

Nilijaribu kila nilichokuona ukifanya. Nilibonyeza vile vitufe vya kuongeza mwanga mpaka kidole kikauma. Nilichomoa chaja, nikatoa betri, nikashikilia kitufe cha kuwashia, nikarudisha betri. Giza. Kipkoech alichungulia akasema, "Hiyo imekufa, watu watanunua spea tu." Neno hilo lilinichoma, nikamwambia aende kuangalia ng'ombe. Kisha nikampigia yule fundi wako wa pale stejini Bomet.

"Mama, unaisikia ikinguruma?"

"Naisikia."

"Basi haijakufa. Funga mapazia. Chukua tochi, pika tochi kwa screen, karibu kapisa."

Pika tochi. Tangu uondoke hakuna mtu aliyelitamka neno hilo karibu na sikio langu kwa sauti ya kiume, na huyu kijana wa watu hakujua alichonifanyia. "Halo? Mama, uko?" Niliilaza simu kifudifudi nikalia kidogo, kisha nikafunga mapazia, nikawasha tochi.

Ulikuwemo ndani ya lile giza. Kwanza nilimwona Chebet kwa mbali sana, ile picha yake ya sare mpya uliyoiweka ndani ya skrini, halafu mafaili yako ya mitihani yamejipanga. Kila kitu kilikuwa kizima, kilikosa tu taa ya nyuma ya kukionyesha. Fundi akaniambia nikiinamishe kifuniko polepole niangalie kitashika mahali gani. Kilipokuwa kimebaki nusu ya kufungwa, mwanga ukaja mara moja, mweupe, nikashtuka. "Ni waya ya hapo kwa hinji, inapokunjika, imekatika," akasema. "Ulete niweke ingine. Lakini ukitaka kuona kitu leo, shikilia hapo hapo." Ndiyo maana ulikuwa unasahihisha kazi za wanafunzi umekunja shingo, nami nikidhani ni uzembe wa kukaa!

Nikakunja shingo yangu pia, nikaifungua video.

Umevaa lile koti la kijani. Nyuma yako chai imestawi. Unamwambia mama yako kwa Kikipsigis apone upesi, majani yamejaa, na huyu Atieno anachuma hata yale magumu yasiyotakiwa. Mwanamume wewe, umenisengenya mpaka huko! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Halafu mwishoni ukasogeza uso ukamwambia, "Ningoje, Mama. Nakuja kukuona."

Hapo nikajua siwezi. Sauti hiyo ikipita kwenye simu, Kogo ataanza kukungoja mlangoni, na sisi ndio tutakaokuwa tumemweka hapo.

Nilipofika Bomet, Kipkoech alikuwa ameshaandaa simu mbili. Nilimwambia kama ni kumdanganya mama atumie sauti yake mwenyewe, yako hapati; mimi namwonyesha Kogo video yenyewe, kisha namwambia ukweli.

"Na akienda je?" akaniuliza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Moyo ukisimama, hiyo utabeba wewe?"

"Nitabeba," nikasema, nikaingia ndani.

Nilipiga magoti kando ya kitanda cha Kogo, nikaishika laptopu imekaribia kufungwa, nikaielekeza chini upande wa uso wake. Kwa mtu aliyelala, ule mwinamo ulimfaa. Kipkoech alisimama mlangoni bila kuingia. Ulipomsalimia, "Chamgei," akakuitikia. Aliyafuata maneno yako na midomo yake ikicheza. Ulipofika pale pa kusema unakuja, akatikisa kichwa polepole, kama anamkatalia mtoto kitu.

Skrini ikarudi giza, mkono wangu ulikuwa umechoka. Kogo hakulia. Aliuliza, "Mlimlaza upande gani?"

Kipkoech akaketi sakafuni pale pale.

"Upande wa chai, Mama," nikasema. "Karibu na baba yake."

"Ni vizuri." Akavuta pumzi ndefu, nikaogopa kwamba ndiyo ya mwisho, lakini akavuta nyingine. "Mlifikiri mimi sijui sauti ya nyumba iliyofiwa? Nilikuwa nawangoja nyinyi."

Laptopu nimemwachia fundi. Kogo anataka kurudi Boito, na wiki hii tunamleta. Sijalala vizuri tangu hapo, Baba Chebet. Sijui moyo wake utafanya nini akisimama mbele ya udongo wako, na nikikosea, hakuna atakayesema ni Kipkoech. Naogopa, na nimechoka kuogopa bila wewe.

Lakini nikuambie alilosema kabla sijainuka pale magotini. Aliniuliza, "Na wewe, ulipolia, nani alikushika?"

Nikamwambia, "Hakuna, Mama."

Akasogea ukutani, akaniachia nafasi kitandani.

Pumzika, mwalimu wangu. Watu wako wa huku watakuja kukuona.

Mama Chebet